Dar hadi Dubai: kilomita ni zilezile, kinachotofautiana ni saa

Swali linaloingia mara nyingi kuliko yote kwenye simu ya ofisi yetu halihusu bei. Ni hili: "Samahani kaka, Dar mpaka Dubai ni masaa mangapi?" Tukijibu kwamba ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa tano na nusu, linafuata la pili: "Na ile ya bei nafuu, inayopitia kwingine?" Hapo tunasema inategemea, na mteja akisikia "inategemea" anaanza kututazama kama madalali. Basi leo tuifungue hiyo "inategemea" yote hadharani. Wengi wanaokuja kukata tiketi hapa Kariakoo wanakwenda kuchukua mzigo Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, na kwa mfanyabiashara siku moja iliyopotea ni hela.

Tuanze na umbali, kwa sababu ndipo watu wanapodhani tatizo lilipo. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere pale Kipawa hadi uwanja mkuu wa Dubai, ule unaoandikwa DXB kwenye tiketi, kwa mstari mmoja wa angani ni takribani kilomita 3,980. Muscat, kwa wenye ndugu Oman, iko mbali karibu vilevile. Zinazidiana kilomita chache tu.

Sasa njia za kuunganisha. Ukipitia Nairobi unaruka kama kilomita 670 kwanza, halafu 3,560 hadi Dubai: jumla 4,230. Ukipitia Doha unakwenda 3,820 hadi huko, kisha 380 za kumalizia: jumla 4,200. Ukipitia Addis Ababa ni 1,755 na 2,520, jumla 4,275. Linganisha na zile 3,980 za mstari mmoja. Nyongeza kubwa kabisa hapo ni kama kilomita 300, na ndege kubwa ya abiria ikiwa juu inazimaliza kilomita 300 kwa dakika ishirini.

Dakika ishirini! Lakini tiketi ya moja kwa moja inasema saa tano na nusu, na ya kuunganisha inaweza kusema saa tisa, kumi na mbili, au ishirini na mbili. Hizo saa nyingine zote haziliwi na umbali. Zinaliwa ukiwa chini.

Kwa nini saa tano na nusu, na si nne na nusu

Mteja mmoja mwenye akili ya mahesabu aliwahi kutubana. Alisoma mahali kwamba Boeing 777 inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, akagawanya, akapata saa nne na dakika ishirini na kitu. Akauliza: hiyo saa moja iliyozidi mnaiweka ya nini?

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila mwendo huo wa 900 ndege inaupata ikishatulia juu, kwenye kilomita kumi hadi kumi na mbili kutoka usawa wa bahari. Kabla ya hapo inasukumwa kutoka ilipoegeshwa, inatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, halafu inapanda kwa dakika ishirini au zaidi. Kushuka nako huanza mapema, ukiwa bado na kama kilomita mia mbili mbele yako. Na Dubai si uwanja wa kuingia tu na kutua: tangu 2014 ndio unaoongoza duniani kwa wingi wa abiria wa kimataifa, kwa hiyo kuzungushwa angani kidogo kusubiri nafasi ni jambo la kawaida.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho Dar hadi inaposimama kwenye maegesho Dubai. Ndiyo maana rubani anatangaza "muda wetu wa kuruka ni saa nne na dakika hamsini" na abiria aliyeona saa tano na nusu anashangaa. Wote wawili wako sawa. Kila mmoja anapima kitu chake.

Kutokana na hilo utaelewa kwa nini kuunganisha kunaongeza muda hata kabla ya kusubiri. Kupitia Addis, kipande cha kwanza ni kama saa mbili na dakika arobaini na tano, cha pili kama saa nne. Umeshaongeza zaidi ya saa nzima, kwa kilomita 300 tu za ziada, kwa sababu unapanda na kushuka mara mbili.

Kuna na kupinda. Mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Dubai unapita juu ya Somalia, unavuka Ghuba ya Aden, unaingia Hadhramaut karibu na Mukalla, halafu unakata jangwa la Rub' al Khali. Hadhramaut ndiko walikotoka mababu wa Washihiri wengi wa pwani yetu, lakini tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015 mashirika makubwa huikwepa anga hiyo. Ndege inajisogeza mashariki, juu ya bahari, kisha inaingia kwa upande wa Oman. Ukikaa dirishani na kufuata ramani kwenye kioo cha kiti cha mbele yako, mkunjo huo unauona kabisa.

Upepo je? Wazee wa majahazi walisubiri kaskazi iwalete huku na kusi iwarudishe Uarabuni, na wapo wateja wanaouliza kama ndege nayo ni hivyo. Kaskazi na kusi tunazozijua zinavuma chini kabisa. Huko juu kuna pepo nyingine, nazo kwenye njia hii ya kusini kwenda kaskazini hupunguza au kuongeza dakika tu, si saa. Ukiona tofauti ya saa nzima kati ya kwenda na kurudi, sababu iko kwingine, na tunakuja huko sasa hivi.

Saa za kwenye tiketi

Hapa ndipo watu wanapopoteza safari, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, saa ya kufika Dubai ni ya Dubai. Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, mwaka mzima, kwa sababu si sisi wala wao tunaobadilisha saa kwa majira. Nairobi, Addis Ababa na Doha saa zao ni sawa na zetu.

Chukua mfano wa hesabu tu, maana ratiba hubadilika: tiketi inasema unaondoka Dar 16:45, unafika Dubai 23:15. Ukitoa kijuujuu unapata saa sita na nusu. Ondoa ile saa moja ya kutangulia, zinabaki tano na nusu. Kurudi inasema unaondoka Dubai 10:30, unafika Dar 15:00. Hapo unaona saa nne na nusu, unafurahi kwamba kurudi ni kwepesi. Ongeza saa moja: tano na nusu tena. Ndege ni ileile na mwendo ni uleule.

La pili ni kubwa zaidi. Tiketi haijui saa ya Kiswahili. Ikiandika 04:30 inamaanisha saa kumi na nusu alfajiri. Ikiandika 22:00 ni saa nne usiku. Ikiandika 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, na tumepokea simu ya mtu aliyeisoma 07:10 kuwa saa saba na dakika kumi mchana, akiwa bado anakunywa chai nyumbani wakati ndege imeshapita juu ya Tanga. Ndege haikumsubiri, na tiketi yake ilikuwa ya aina isiyorudishiwa hela.

La tatu ndilo baya kuliko yote: ndege za usiku wa manane. Tiketi inasema Jumatano, 00:40. Mtu anajipanga vizuri, anaaga Jumatano jioni, anafika uwanjani Jumatano saa nne usiku na mabegi yake. Ndege ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita. Jumatano 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Maana yake unatoka nyumbani Jumanne jioni. Ukiona saa ya tiketi inaanza na 00, 01, 02 au 03, rudisha siku moja nyuma kichwani mwako, kisha ndipo upange nani atakusindikiza.

Na kile kialama cha +1 pembeni ya saa ya kufika si kosa la uchapaji. Kinasema utafika kesho yake. Kwenye njia za kuunganisha wakati mwingine hukutana nacho upande mmoja tu wa safari, na ndio upande ambao mwenyeji wako Dubai atakuja kukupokea siku isiyo yako usipomwambia.

Kwa wanaopitia Addis kuna kichekesho kidogo. Waethiopia nao kwa kawaida huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, kwa hiyo mtu wa huko akikwambia saa tatu asubuhi anamaanisha saa tatu ileile ya bibi yako. Lakini ubao wa uwanjani utaandika 09:00. Fuata ubao.

Muda wa kusubiri: upi ni mfupi mno, upi ni mrefu mno

Mashirika yana kiwango chao cha muda mdogo kabisa wa kubadilisha ndege, na mashine ya kukata tiketi itakubali hata saa moja na dakika chache. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni anayejua kusoma vibao, sawa. Kwa mama anayesafiri mara ya kwanza, au mzee anayetembea polepole, sisi hatuuzi hivyo hata akisisitiza. Kuna foleni ya ukaguzi, kuna basi la kutoka kwenye ndege hadi jengoni, na mlango wa kupandia hufungwa mapema kuliko saa ya kuondoka. Saa mbili hadi nne ndicho kipimo chetu. Hata ndege ya kwanza ikichelewa kidogo, roho inabaki mahali pake.

Zikizidi nane, anza kujumlisha gharama. Chakula cha uwanjani si cha bei ya Kariakoo. Addis, ambayo uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi ya kweli. Mtu wa Dar aliyeondoka na fulana na kandambili atakumbuka sweta aliyoiacha kitandani. Baadhi ya mashirika hutoa hoteli kwa anayesubiri muda mrefu, lakini kwa masharti: wakati mwingine ni lazima kusiwe na ndege nyingine ya mapema zaidi siku hiyo, na aina ya tiketi nayo inaangaliwa. Hilo liulizwe kabla ya kulipa. Ukishafika kule ni kubembeleza tu.

Halafu kuna tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, moja ya Dar hadi mji wa kati na nyingine ya kutoka hapo hadi Emirati. Mtandaoni zinaonekana rahisi sana. Tatizo ni kwamba shirika la pili halikujui. Ndege ya kwanza ikichelewa, la pili linakuandika kama mtu ambaye hakutokea, na hela imekwenda. Mabegi nayo mara nyingi hayaunganishwi: unatakiwa kutoka, kuyachukua na kuyasajili upya, na ili utoke unaweza kuhitaji viza ya nchi hiyo ya katikati. Tiketi moja yenye vipande viwili ni kitu kingine kabisa. Hapo ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwao, kukupeleka ni juu yao. Tofauti ya bei ikiwa ni elfu themanini au laki moja, ushauri wetu ni ulipe.

Moja kwa moja kutoka Dar wapo Emirates, na Air Tanzania nayo ilianza safari za Dubai mwaka 2024. Kwa mwenye siku chache hatuna haja ya kuzunguka: chukua ya moja kwa moja, hata kama bei imezidi. Anayekwenda kukaa miezi kwa ndugu, aunganishe na abakize hela ya zawadi.

Dubai ipi?

Jambo la kupitia haraka, lakini liangalie. DXB iko jirani kabisa na Deira. DWC ni uwanja mwingine wa Dubai, upande wa Jebel Ali, mbali na mjini. SHJ ni Sharjah: si mbali kwa kilomita, ila foleni ya barabara kati ya Sharjah na Dubai asubuhi na jioni inaweza kukukumbusha Mandela Road. Kwa wanaofuata vipuri vya magari vya mtumba, Sharjah hasa ndiko kunakofaa. AUH ni Abu Dhabi, na kutoka hapo hadi Deira ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Tiketi ya AUH ikiwa rahisi, ongeza nauli ya basi au teksi ndipo ulinganishe.

Kutoka mlango hadi mlango

Tumchukue mfanyabiashara wa hapa Msimbazi anayeondoka kwa ndege ya moja kwa moja ya saa kumi na moja kasorobo jioni. Kaunta za safari za nje hufunguliwa kama saa tatu kabla na nyingi hufungwa ikibaki saa moja. Safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Kutoka Kariakoo hadi pale ni kama kilomita kumi na mbili, na barabara ya Nyerere ikiwa wazi ni dakika ishirini na tano. Nani ameiona ikiwa wazi? Daraja la Mfugale pale Tazara limesaidia tangu 2018, lakini mbele yake bado unaweza kukaa. Kwa hiyo anatoka dukani saa saba mchana. Anaruka, anatua saa tano na robo usiku ya Dubai, anapanga foleni ya uhamiaji, anasubiri mabegi. Akitoka nje ni saa sita na nusu usiku, metro kwa siku za kawaida imeshalala, anapanda teksi. Anaingia hotelini kama saa saba. Kwa saa ya Dar ni saa sita usiku. Jumla, kutoka duka hadi kitanda: saa kumi na moja.

Mwingine kanunua ya kuunganisha yenye kusubiri saa tisa, anafika alfajiri saa kumi na moja ya huko. Kwenye karatasi ameokoa laki mbili. Lakini vyumba vingi vya hoteli vinatolewa saa nane mchana, maduka hayajafunguliwa, naye ana usingizi. Siku hiyo haitamfaa kitu. Kama ameingia Ijumaa ni shida zaidi: tangu Januari 2022 ofisi za serikali Dubai hufanya kazi nusu siku Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili, na Sharjah Ijumaa yote ni mapumziko ya serikali. Maduka ya Deira hufunguliwa baada ya sala, lakini mwenye karatasi za kugonga mihuri atasubiri Jumatatu.

Yapo pia yasiyo na ratiba. Mvua ya Aprili 16, 2024 iliujaza maji uwanja wa Dubai na kuvuruga safari kwa siku kadhaa. Juni 23, 2025 Qatar na majirani zake kadhaa walifunga anga kwa saa chache kwa sababu ya makombora, na waliokuwa wakiunganisha Doha wakalala sakafuni. Asubuhi za miezi ya baridi, Desemba hadi Februari, ukungu hushuka Dubai na ndege huchelewa. Hatuwezi kukuuzia tiketi isiyochelewa. Tunachofanya ni kutokupangia kikao cha saa tatu asubuhi wakati ndege inatua saa moja.

Ukitaka tukutafutie, usitutumie "bei ya Dubai" peke yake. Tuambie ni siku gani na saa ngapi lazima uwe umeshafika dukani au kazini kule, unarudi na kilo ngapi, unasafiri na nani, na kama kuna tiketi nyingine umeshakata mwenyewe. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, na viza tuianze kabla ya tiketi. Tiketi ikitoka tunaiandika kwa kalamu pembeni, kila hatua kwa saa ya Kiswahili na siku ya kuamkia. Ukiona yako haina maandishi hayo, irudishe kaunta kabla hujashuka ngazi.